Njia ya mwongo ni fupi, hata ndani ya kompyuta

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta bei za wiki: mahindi, maharage, saruji, dizeli. Wiki hii tunaliweka kando jedwali la bei ili tuzungumzie kitu ambacho hakina safu yake katika jedwali hilo, ingawa ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya bei yenyewe. Kitu hicho ni njia ambayo mzigo umepita.

Chukua ramani ya Tanzania na rula. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mstari ulionyooka una urefu wa karibu kilometa 400. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara mstari ulionyooka nao una karibu kilometa 400. Kwa rula, basi, miji hii miwili iko sawa. Kwa barabara mambo ni mengine kabisa: Dodoma ni takriban kilometa 450 na Mtwara ni takriban kilometa 560. Msafirishaji anayepanga bei kwa rula atapunjika kidogo akienda Dodoma, atapunjika sana akienda Mtwara, na daftari lake halitamwonyesha tofauti imetoka wapi.

Msomaji atasema hakuna mwenye lori anayepima barabara kwa rula. Ni kweli, yeye hapimi. Inayopima ni kompyuta yake. Siku hizi wafanyabiashara wengi, hata wenye magari mawili au matatu, wanauziwa programu za kutunza kumbukumbu za mizigo, magari na wateja. Katika programu hizo safari huandikwa kwa maneno machache: imetoka wapi, imekwenda wapi, kilometa ngapi. Hizo kilometa ama zimeandikwa mara moja siku programu ilipofungwa ofisini na hazikuguswa tena, ama kompyuta imezikokotoa yenyewe kwa kuunganisha nukta mbili kwa mstari ulionyooka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakujua kwamba ipo siku tutainunua kwa leseni ya mwaka.

Hoja ya safu hii ni moja. Anayesafirisha mali, au anayeweka fedha zake katika kampuni inayosafirisha mali, adai njia iingizwe katika muundo wa data ya programu kama kitu kamili chenye jedwali lake, kama vile gari, mteja na bidhaa vilivyo na majedwali yao. Majina ya miji miwili na namba moja katikati havitoshi.

Hesabu ya mfuko wa saruji

Tupige hesabu kwa mfano. Semi imebeba tani 30 za saruji kati ya Mtwara na Dar es Salaam, yaani mifuko 600 ya kilo 50. Tuchukulie inakula lita moja ya dizeli kwa kila kilometa mbili, na lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi. Kwa mstari wa kilometa 400 mafuta ni lita 200, sawa na shilingi 600,000. Kwa barabara ya kilometa 560 mafuta ni lita 280, sawa na shilingi 840,000. Pengo ni shilingi 240,000 kwa safari moja, au shilingi 400 kwa kila mfuko. Gari likirudi tupu pengo linakuwa shilingi 800 kwa mfuko. Wauza saruji wa rejareja wanajua kwamba wapo watu wanaofungua duka asubuhi kwa ajili ya faida ndogo kuliko hiyo.

Huo ni mfano wa siku ya kawaida. Sasa tuangalie siku isiyo ya kawaida. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zilizoambatana nacho vilikata barabara kuu ya kusini, ikiwamo eneo la Somanga mkoani Lindi, na magari yakakwama. Njia nyingine ya lami kati ya Mtwara na Dar es Salaam ni ile ya kuzunguka: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, Iringa, Morogoro, ndipo Dar es Salaam. Ni karibu kilometa 1,600. Kwa hesabu yetu ileile, semi inayozunguka huko inakula lita 800, sawa na shilingi 2,400,000. Mfuko mmoja wa saruji unabeba shilingi 2,600 zaidi ya siku ya kawaida, na hapo hatujagusa posho ya dereva na utingo, matairi wala siku zilizopotea.

Programu yenye majina mawili na kilometa 560 itaipokeaje safari hiyo? Mhasibu ana mambo matatu ya kuchagua. Anaweza kufuta 560 na kuandika 1,600, na hapo safari zote za zamani zitaonekana kana kwamba nazo zilizunguka Songea. Anaweza kuiacha 560, na mwisho wa mwezi taarifa itaonyesha dereva ametumia lita 800 katika safari ya lita 280, yaani ameiba. Au anaweza kuandika maelezo pembeni kwenye karatasi, ambayo bosi hataisoma na mkaguzi hataikubali.

Katika jambo la pili ndipo watu huumia. Wizi wa mafuta barabarani upo na kila mwenye lori anaujua. Lakini kumbukumbu isiyojua njia haiwezi kumtofautisha mwizi na mtu aliyezunguka kwa sababu daraja limekwenda na maji. Dereva mwaminifu atakatwa mshahara, na mjanja atajifunza kwamba neno "nilizunguka" ni ufunguo wa kila kitu.

Njia iandikweje

Jambo lenyewe si la kichawi, na mfanyabiashara anaweza kulielewa bila kuwa fundi wa kompyuta. Kwenye hifadhidata, kinachotakiwa ni majedwali machache yanayojuana.

La kwanza ni jedwali la nukta: maghala, masoko, vituo vya mafuta, mizani, vivuko, madaraja, mipaka. Kila nukta ina jina na namba zake mbili, latitudo na longitudo. La pili ni jedwali la vipande vya barabara. Kipande kinatoka nukta moja kwenda nyingine, na ndani yake mna orodha ya namba za latitudo na longitudo zilizopangwa kwa mfuatano kufuata kona za barabara yenyewe. Kina pia urefu, aina ya barabara kama ni lami au vumbi, na tarehe ya kuanza na kuacha kutumika. La tatu ni njia, ambayo ni vipande vilivyopangwa kwa mpangilio. La nne ni safari: gari gani, dereva nani, mzigo gani, na limepangiwa njia ipi. La tano ni alama za kifaa cha GPS, zinazosema gari lilipita wapi hasa.

Faida ya kutenganisha hivyo ni kwamba safari mia moja zinaweza kutumia njia moja bila kuiandika mara mia. Barabara ikikatika unafunga kipande kimoja kwa tarehe, unaunda njia mpya, na safari za zamani zinabaki na ukweli wake. Gharama nazo zinapata mahali pa kukaa. Mizani ya Vigwaza na Mikese iko kwenye vipande vya barabara ya Morogoro. Mwendo wa taratibu na faini ya kugonga mnyama viko kwenye kipande kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi, chenye kilometa zipatazo 50. Mlima wa Kitonga una kipande chake, na kila dereva anajua kwamba kilometa moja ya kupanda Kitonga na mzigo hailingani kwa mafuta na kilometa moja ya tambarare za Dodoma. Namba moja ya kilometa inavimeza vyote hivi na kuvifanya vionekane sawa.

Tarehe ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kabla ya mwaka 2003, safari ya kusini ilivuka Mto Rufiji kwa pantoni. Mwaka huo Daraja la Mkapa lenye urefu wa karibu mita 970 likafunguliwa na njia ikabadilika. Mwezi Juni 2025 likafunguliwa Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa zipatazo tatu, na magari kati ya Mwanza na Geita yakaachana na foleni ya kivuko. Majina ya miji hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni muda, gharama na hatari. Anayelinganisha gharama zake za mwaka 2024 na za mwaka 2026 katika njia hiyo, bila kumbukumbu kwamba kivuko kimekuwa daraja, atadhani ni meneja wake mpya aliyefanya maajabu.

Wengine wametangulia

Mpangilio huu tayari umefanyiwa majaribio ya kutosha. Mwaka 2005, mamlaka ya usafiri ya mji wa Portland nchini Marekani, iitwayo TriMet, ilishirikiana na kampuni ya Google kutengeneza utaratibu wa kuandika data za mabasi. Utaratibu huo leo unajulikana duniani kwa jina la GTFS. Ukiufungua unakuta ni mafaili ya maandishi ya kawaida: moja la vituo, moja la njia, moja la safari, na jingine peke yake la umbo la njia, yaani mfuatano wa nukta zinazochora pale basi linapopita. Umbo limewekwa mbali na safari kwa sababu ileile tuliyoieleza.

Msomaji asiseme hayo ni ya Ulaya na Marekani ambako basi lina ratiba. Nairobi walifanya hivyohivyo kwa matatu zisizo na ratiba. Mradi wa Digital Matatus, uliowahusisha watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, ulituma watu kupanda matatu wakiwa na simu za mkononi zinazorekodi njia. Mwaka 2014 mradi ulitoa bure data na ramani ya njia zaidi ya 130. Ulilazimika kuurekebisha utaratibu wa GTFS kidogo, kwa kuwa matatu husimama abiria anapotaka. Lakini umbo la njia liliandikwa vilevile. Kama njia za matatu zimeweza kuandikwa, hakuna lori la Kariakoo litakaloshindikana.

Dar es Salaam nayo haikukaa kimya. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuchora maeneo ya jiji yanayokumbwa na mafuriko na kuyaingiza katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa yeyote kutumia. Kazi kubwa ya kuchora barabara, kwa hiyo, imekwisha kufanywa na watu wengine, na mfanyabiashara hatakiwi kuilipia mara ya pili.

Serikali nazo zimekwisha kulielewa jambo hili. Tangu mwaka 2017, mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo ya nje inayopita nchi hadi nchi. Mzigo hufungwa kufuli ya kielektroniki, njia iliyoidhinishwa huwa imechorwa katika mfumo, na lori likichepuka kengele hulia. Serikali ina njia yako kwenye kompyuta yake. Wewe mwenye mzigo ukiwa huna, siku ya mgogoro utabishana na ramani kwa kutumia risiti za chai.

Kilometa ni fedha taslimu

Wenye mabasi wanalijua hili kuliko wenye malori, kwa sababu nauli ya abiria hupangwa kwa kilometa. Mwezi Desemba 2023, LATRA ilipandisha kiwango cha juu cha nauli ya basi la masafa marefu la daraja la kawaida kutoka shilingi 41.29 hadi shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilometa. Kwa kiwango hicho, kosa la kilometa 10 katika urefu wa njia ni takriban shilingi 485 kwa kila abiria. Basi la abiria 50 linafikia zaidi ya shilingi 24,000 kwa safari moja. Basi likienda na kurudi kila siku kwa mwezi mzima, fedha hizo zinazidi 1,400,000. Ama abiria anaibiwa ama mwenye basi anajiibia, kutegemea kosa limeelekea upande gani.

Kwa hiyo usahihi una thamani, na usahihi una mitego yake. Mtego wa kwanza ni mpangilio wa namba. Programu nyingine zinataka latitudo kwanza, nyingine longitudo kwanza. Dar es Salaam iko karibu na latitudo -6.8 na longitudo 39.28. Ukizigeuza, ghala lako linahamia magharibi mwa Hispania, jirani na mpaka wa Ureno. Ukisahau alama ya kutoa, linapanda hadi milima ya Bale nchini Ethiopia. Kompyuta haitashangaa, itaendelea kukokotoa kilometa na kuchapa ankara.

Mtego wa pili ni kuchanganya njia iliyopangwa na alama za gari. Wauzaji wa vifaa vya GPS husema ukifunga kifaa chao basi njia unayo. Kifaa hicho kinakupa mahali gari lilipokuwa. Hakikuambii mahali lilipotakiwa kuwa. Ni kama kuwa na risiti bila kuwa na hati ya kuagiza mzigo, na mhasibu anayelipa kwa risiti peke yake tunajua mwisho wake. Thamani inapatikana pale vitu viwili vinapowekwa pamoja: kilichopangwa na kilichofanyika. Tofauti kati yao ndiyo inayoulizwa maswali.

Je, ni gharama kubwa?

Pingamizi la kwanza tunalolisikia ni gharama. Tuipime. Njia ya kilometa 560, ikiandikwa nukta moja kila baada ya mita 50, ni nukta 11,200. Kila nukta ni namba mbili. Zote kwa pamoja hazifiki kilobaiti 200, ambazo ni ndogo kuliko picha moja ya harusi iliyotumwa kwenye simu. Programu huria ya kuhifadhi data za ramani, PostGIS, imekuwapo tangu mwaka 2001 na haina ada ya leseni. Gharama halisi ni ya fundi wa kuunganisha na mtu wa kuhakikisha data ni sahihi. Hiyo ni gharama kweli, na mwenye kirikuu kimoja kinachozunguka Tandale na Manzese hana sababu ya kuibeba. Mwenye malori matano ya masafa marefu anayo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Madereva wetu wanazijua barabara kichwani, wanajua wapi pamechimbika na wapi pana maji, na hakuna ramani inayowashinda. Tunakubali. Ila ujuzi ulio kichwani mwa dereva ni mali ya dereva. Siku anapohamia kwa mshindani wako kwa nyongeza ya mshahara anaondoka nao wote, na hutaona pengo hilo katika mizania ya mwaka. Kampuni makini huketi na dereva wake mzoefu, ikaandika vipande vya njia pamoja naye na kumlipa kwa kazi hiyo.

Pingamizi la tatu ni la usiri: njia zikishaandikwa zitaibiwa. Hofu hii ina msingi, lakini mara nyingi imeelekezwa kusiko. Hatari kubwa zaidi ni data yako kukaa kwa muuza programu peke yake, naye akakupa picha ya ramani kwenye kioo bila kukupa namba zenyewe. Siku mkataba ukivunjika, historia ya miaka mitano ya magari yako inabaki kwake. Kabla ya kutia saini, taka iandikwe kwamba data za njia na za safari ni zako, na kwamba utakabidhiwa faili linalosomeka na programu nyingine wakati wowote utakapolidai.

Kwa mwenye hisa

Wawekezaji wadogo watauliza haya yanawahusu vipi wakati hawana lori. Yanawahusu kwa kuwa kampuni nyingi zinazouza hisa kwa umma huuza vitu vizito: saruji, bia, vinywaji, mafuta, gesi. Katika taarifa ya mwaka, gharama ya usambazaji huwa mstari mmoja tu. Mwenye hisa ana haki ya kusimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza maswali mawili. Je, gharama hii inakokotolewa kwa njia halisi au kwa makadirio? Na barabara kuu ikikatika kwa wiki mbili, menejimenti inajua siku hiyohiyo faida itapungua kwa kiasi gani, au itajua hesabu zikifungwa? Jibu litamwambia mengi kuhusu watu waliopewa fedha zake.

Mfanyabiashara anayenunua programu ana jaribio rahisi zaidi. Mwambie muuzaji afungue kompyuta mbele yako. Mpe safari ya Mtwara kwenda Dar es Salaam, kisha mwambie barabara imekatika Somanga kuanzia jana, gari limezunguka Songea. Tazama anafanya nini. Akiunda njia mpya, gharama ikapanda yenyewe na safari za wiki iliyopita zikabaki kama zilivyokuwa, kaeni mzungumze bei. Akifuta kilometa na kuandika nyingine juu yake, mshukuru kwa muda wake na umsindikize mlangoni.